Foronya Yenye Jina la Romanus

Bombambili,
Songea.
Jumapili, 19 Julai 2026.

Wifi, Epifania anaolewa, lakini siyo na Romanus!

Nimelitoa kwanza hilo kabla ya salamu ili lisinikwame kooni. Sasa nipumue, nikusalimie kama watu wanavyosalimiana.

Mpendwa wifi yangu Recho, hujambo? Shemeji Rupert hajambo? Mgongo wake umepona, au bado anatembea kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka? Na Tabora kwenu mnaendeleaje? Huku sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwaka huu imetukalia vibaya, na kaka yako amehamia jikoni kabisa, ukimwuliza anasema anaangalia mboga isiungue. Mahindi tumevuna, yako ndani. Mama yetu kule Maposeni ana nguvu, bado anapalilia bustani yake mwenyewe na kutugombeza sote.

Najua utasema kwa nini sikupiga simu. Nimeishika mara nyingi nikaiweka. Kwenye simu ungecheka kabla sijafika katikati, na mimi ningekata kwa aibu. Kwenye barua utacheka ukiwa peke yako huko, mimi sitakusikia.

Unanijua mimi na sindano. Sisemi ili kujisifu, lakini hapa Bombambili kwa kudarizi hajatokea wa kunishinda, na aliyedhani ameniweza alikuja mwenyewe kuomba nimchoree maua. Nyumba yangu sasa ukiingia hujui ukae wapi. Makochi yana vitambaa, meza ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata redio ya kaka yako nimeifumia kofia ya kroshia, anasema taarifa ya habari inamfikia imejifunika shuka. Mwache aseme. Jioni nikishamaliza kazi zangu, nikakaa barazani na fremu yangu na nyuzi zangu za rangi, mimi sina shida na mtu. Ua likianza kufunguka pale kwenye kitambaa cheupe, jani baada ya jani, nasahau hata chai imepoa. Nilisoma hadi darasa la saba tu, lakini kile masista walichonifundisha Peramiho nikiwa msichana, hakuna aliyeninyang'anya.

Sasa nikasema, mwanangu ni mwalimu, siku akiolewa hatapelekwa na mashuka ya dukani yale ya kuteleza. Atalala juu ya mkono wa mama yake.

Unakumbuka nilikusimulia habari za Romanus, mtoto wa Mama Romanus wa jumuiya yetu? Yule mwenye kazi ya ofisini hapa mjini. Krismasi alimpokea Epifania stendi na gari lake, akambebea begi hadi mlangoni, akanipa shikamoo kwa mikono miwili. Akanywa chai. Akacheka na Epifania, wifi, kicheko kile cha kuinamisha kichwa. Mimi nikaona, yaani mimi nikaona! Epifania aliporudi Namasakata, kule Tunduru, kufundisha, nikampigia nikamwuliza, "Mwanangu, yule kijana vipi?" Mtandao wa kule unakuja na kuondoka. Nikasikia tu, "Mama, kuna jambo, tutaongea nikija." Hakukataa. Mimi kwangu asiyekataa amekubali, nikaenda sokoni kununua kitambaa cheupe cha tetroni.

Nikachora kwa karatasi ya kaboni. Mashuka mawili na foronya mbili. Maua pembeni, ndege wawili wanaotazamana, na katikati, kwa uzi mwekundu, mshono wa mnyororo uliobana usioweza kuponyoka: EPIFANIA NA ROMANUS. Foronya moja ndiyo ile niliyokutumia Pasaka kwa mkono wa Bakili, dereva wa lori, ili wewe shangazi yake uwe wa kwanza kuiona. Ulinijibu kwamba majirani zako wote wameishika. Wifi, ile siku nilitembea mjini kama nimevaa viatu vipya.

Na hapo ningeishia ingekuwa nafuu. Lakini nilifua, nikaanika. Na sikuanika nyuma ya nyumba wanakoanika watu wenye akili. Nilifunga kamba mbele, karibu na njia, Jumapili, watu wakitoka kanisani. Unajua mwenyewe mashuka ya harusi yakianikwa hapa kwetu yanasema nini. Mama Romanus alisimama pale njiani, akasoma jina la mwanawe, akapiga vigelegele hadi mbwa wa jirani wakaitikia. Jioni akaniletea kuku. Tangu siku hiyo tukawa tunaitana mkwe, mkwe asubuhi, mkwe jioni. Romanus hajasema neno. Epifania hajasema neno. Wazazi wawili wa kike tumeshamaliza, na kuku tumeshamla.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, Epifania akaja. Mimi nikayatoa tena mashuka, nikayaanika palepale ili ayaone akiingia. Nikamwona kijana mrefu, mwembamba, amebeba boksi, anaingia uani wakati Epifania bado yuko njiani anamlipa bodaboda. Akanipa shikamoo. Nikamwuliza ni nani, akasema anaitwa Edwin, ni mwalimu mwenzake, kwao Njombe, amemsindikiza. Nikasema karibu sana mwanangu. Kisha mdomo wangu huu, wifi, mdomo wangu huu! Nikamshika mkono nikampeleka kwenye kamba.

"Mwalimu, umeyaona mashuka ya harusi ya mwenzako?"

Akasimama. Akasoma. Akaweka boksi chini taratibu kama lina mayai. Akasema, "Yamedariziwa vizuri sana, mama." Nami nikajinyoosha. Akauliza, "Romanus ni nani?"

"Ni mkwe wangu," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani.

Epifania alikuwa ameshafika nyuma yetu. Sijawahi kuona sura ile kwa mwanangu, hata siku alipong'olewa jino. Akasema, "Mama, huyu ndiye niliyekuja naye ili umjue."

Edwin hakugomba, na hilo ndilo lililoniua. Alinishukuru, akasema ataenda kulala gesti kule karibu na stendi, kesho anarudi Tunduru. Chai niliyochemsha ikabaki. Epifania naye hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: "Mashuka yale sitayalalia, mama, hata ukilifuta hilo jina. Nitanunua ya dukani." Akapanda bodaboda na begi lake lilelile, akaenda kwa bibi yake Maposeni.

Nilibaki nimesimama chini ya ile kamba kama mwizi aliyekutwa na nguo za watu. Wifi, mimi niliyewasema akina mama wengine kwamba hawajui kulea, nilikiuliza kitambaa, sikumwuliza mtoto.

Nilimfuata Maposeni jioni ileile. Epifania alikuwa jikoni, hakutoka. Mama yetu alinisikiliza hadi mwisho, akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akaacha ghafla akanikazia macho. "Mama Epi, wewe umemwoza mtoto kwa sindano! Sisi tulipokuja kukuchumbia tuliuliza. Uliulizwa au hukuulizwa?" Nikasema niliulizwa, mama. "Na ulijibu nini?" Nikasema nilijibu ndiyo. "Basi nenda kwa huyo kijana ukaseme kwa mdomo wako, maana huo mdomo wako unaujua vizuri ukitaka kujisifu."

Asubuhi nilikwenda stendi na shuka moja nimelitia kwenye mfuko. Sikwenda peke yangu. Njiani nilipita kwa Romanus, nikijua ana haki ya kunifukuza. Maskini kijana wa watu! Aliniambia, "Mama, mimi na Epi ni kama ndugu. Nina mchumba wangu Mbinga, na yeye ameshasikia habari za mashuka, hapokei simu zangu wiki ya pili." Kumbe alikuwa anapongezwa kazini na anaona haya kunijia, kwa heshima yangu na ya mama yake. Akanipandisha kwenye gari lake.

Tulimkuta Edwin ameshakaa dirishani kwenye basi la Tunduru. Nilipanda, wifi, Romanus nyuma yangu. Nikasimama kwenye ile njia ya katikati ya viti, watu na mizigo yao, nikalikunjua lile shuka. Nikasema, "Edwin mwanangu, jina hili niliandika mimi. Epifania hakulisema, na Romanus mwenyewe huyu hapa, hakulisema. Nililiona kichwani mwangu nikalishona. Mkosaji ni mimi, mwanangu hana kosa." Kondakta akapaza sauti, "Mama, mimi sina mchumba, kama nafasi ipo hapo nidarizie na mimi!" Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja akasema, "Lakini ndege wamekaa, jamani." Ningetamani sakafu ya basi ifunguke. Edwin akanitazama, akamtazama Romanus, mdomo ukaanza kumcheza, akacheka na yeye. Akashuka na begi lake.

Kwa hiyo Edwin alinisamehe. Epifania bado. Alirudi nyumbani, akawa ananijibu vizuri, anaosha vyombo, ananisalimia, lakini barazani hakai. Mimi nilikaa pale peke yangu na mkasi mdogo nafumua. Wifi, kufumua ni kazi mbaya kuliko kushona. Mshono wangu niliukaza mwenyewe nikijisifu kwamba hautaponyoka, na kweli hauponyoki. Na ukishatoa uzi, kitambaa kinabaki na vitundu vya sindano, jina bado unalisoma ukikiinua kwenye mwanga. Nilikuwa nafumua nalia, kaka yako akipita anajifanya anatafuta kitu.

Siku moja Epifania akatoka, akakaa kwenye mkeka. Akachukua foronya iliyobaki hapa, akaanza kutoa zile herufi moja moja. Tulipofika mwisho akasema, "Nipe sindano, mama. La kwangu na la Edwin nitaandika mwenyewe."

Wifi, mtoto huyu ni hodari wa hesabu, darasani kwake wanamwogopa, lakini kwa sindano hajui kitu! Herufi yake ya kwanza imeinama kama kibanda kilichopigwa na upepo. Ya pili ni kubwa, ya tatu imebanwa. Uzi ameukaza hadi kitambaa kimekunjamana. Mkono uliniwasha, nikaukalia. Akamaliza jina la Edwin, akainua, akaniuliza, "Limekaaje?" Nikasema limekaa. Na nilisema kweli, maana aliyeliandika ndiye atakayelilalia. Hapo ndipo aliponiegemea begani. Mashuka atakwenda nayo.

Wazee wa Edwin walikuja mwanzoni mwa mwezi huu na posa. Safari hii binti aliulizwa mbele ya wote, mimi nikiwa nimefumba mdomo, akasema ndiyo kwa sauti ya darasani. Mama Romanus nilimpelekea kuku, jogoo mkubwa kuliko wake. Aliniweka mlangoni kidogo ili nionje uchungu wake, kisha akaniambia, "Ingia, mkwe wa hewani," tukacheka hadi tukalia. Jina hilo sasa jumuiya nzima wananiitia, nami naitika. Mchumba wa Romanus anapokea simu.

Sasa ndiyo nimefika kwenye lililonifanya niandike. Foronya ni mbili, na moja iko kwako. Ndiyo pekee duniani iliyobaki na jina la Romanus. Nilitaka nikuombe uitupe jikoni kwenye moto, yaishe. Epifania amekataa. Anasema uje nayo kama ilivyo, usitoe uzi hata mmoja. Siku ya sendofu, ya kumuaga binti, vyombo na mashuka vikifunguliwa mbele ya watu, ataiinua wote waisome, kisha ataifumua palepale. Anasema heri watu wanicheke wote kwa pamoja mara moja, kuliko kunicheka mmoja mmoja hadi nizeeke. Nami nitakaa mbele kwenye kiti cha mama, kitenge kipya, na nitachekwa. Nimekubali. Ni bei ndogo kwa mashuka yangu kulaliwa.

Ila na wewe nakuomba ukae karibu nami, upande wa kushoto, unishike mkono. Ukicheka, cheka, lakini usiniachie.

Msalimie sana shemeji Rupert, mwambie nimemfumia kitambaa cha kuwekea mgongo. Wasalimie Remmy na Nasrin mkewe, na mjukuu wenu ambaye sijamwona, soksi zake ziko tayari. Kaka yako anakusalimia kutoka jikoni. Bibi wa Maposeni anasema mje na asali ya huko. Mungu awafunike njia nzima, awalete salama.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda na kukuonea haya,
Mama Epifania.

Sendofu ni Jumamosi, tarehe 12 Septemba. Njooni wote, na foronya.