Picha ya Taya Lako

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai hujambo, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku wazima, ila mimi roho haitulii. Hii ni barua ya nne kuianza; tatu nimezichana, na muuguzi wetu ameshaniuliza ni mchumba gani huyo mgumu hivyo.

Mkuu wa idara amenipa kazi ya kupekua mafaili ya wote tuliowatoa uvimbe wa maji tayani, tujue kwa nini kwa baadhi yao hurudi. Siku tisa niko stoo, vumbi limenijaa puani. Sababu ni zilezile: aina ya uvimbe, maana kuna iliyo sugu; gego lililozama ndani yake kuachwa; kipande cha utando wake kubaki, hata kiwe kidogo kama ukucha wa mtoto; na mgonjwa kuacha kupiga picha ya eksirei kila mwaka kwa kuwa haumwi. Uvimbe huo hula mfupa kimyakimya. Mwalimu mmoja ulimrudia baada ya miaka saba, taya likavunjika akitafuna mkate.

Jana nikalifikia faili lako.

Unakumbuka nilivyoringa, nikasema dada yangu hashikwi na mikono ya wageni? Mkuu alinionya kwamba daktari hampasui ndugu yake. Sikio la kufa halisikii dawa. Uvimbe wako ulikuwa wa ile aina sugu, na utando wake ulikuwa umegandana na mshipa wa fahamu. Ningeukwangua wote, huenda mdomo wako wa chini ungekufa ganzi. Nikakuona unavyobana pini midomoni ukishona, huku unatusema sote. Mkono ukagoma. Nikaacha kipande, nikaandika kwamba umetoka wote. Ulipozinduka nikakwambia umepona, usihangaike kurudi.

Naona aibu, dada, na naogopa. Leo asubuhi nimemweleza mkuu kila kitu. Ameniondoa chumba cha upasuaji mpaka nihojiwe, na atakuona yeye mwenyewe. Njoo Jumatatu. Ukitaka kunitukana, piga picha kwanza.

Barua yako ya mwisho ilinichekesha nilipoipokea. Uliandika kwamba uzee umeingia, jino la upande uleule limeanza kucheza. Nimeisoma tena leo. Dada, huo si uzee.

Msalimie shemeji, umwombe akusindikize. Wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako, niliyekudanganya.