Jina la Wamama Kwenye Mfuko wa Unga

Beni, Ruwenzori

Mama yangu mpendwa,

Mmeamkaje huko Bulengera? Goti lako limetulia? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Sikutaka kusema haya kwa simu, maana chumba changu kiko nyuma ya depo ya kampuni na ukuta ni wa mbao, kila neno linasikika. Ndiyo sababu nimempa mke wa mchungaji karatasi hii akuletee.

Unajua jinsi unga wetu wa uji ulivyopendwa. Kampuni haikuwa na pesa za matangazo. Shefu, mkubwa wetu wa kazi, aliwaita wamama wa kanisa hapa Ruwenzori, wakapika, wakabishana, wakaamua soya iongezwe na mahindi yakaangwe zaidi. Walipotoka pale kila mmoja alimwambia jirani, na jirani akamwambia dada yake aliye Eringeti. Wewe mwenyewe uliusifu sokoni kwa kuwa binti yako ndiye karani wa kampuni. Ndipo shefu akaandika kwenye mfuko: “Uji waliouchagua wamama.”

Sasa soya imepanda bei. Shefu ameipunguza, amejaza muhogo, na mfuko umebaki uleule. Wiki iliyopita aliniagiza niwaite wamama waonje tena na kupigwa picha.

“Weka sukari mingi,” akaniambia. “Sukari haina adui.”

Kwetu anayemimina huanza kunywa mbele ya wageni. Nilimimina, nikanywa. Maman Kahindo, kiongozi wao, hakugusa kikombe chake.

“Kavira, mutoto yangu, umekunywa. Sasa sema: ni ule wetu?”

Shefu alikohoa. Nilitaka kusema ndiyo, Mama. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

“Hapana, maman. Soya iko kidogo. Sukari ni ya kuficha.”

“Aa! Shefu anatufanya batoto ya biberon, ya kunyonya chupa!” mmoja akapaza sauti. Walicheka sana, lakini vikombe vyote viliwekwa chini.

“Mademoiselle,” shefu akaniuliza mbele yao, “nani anakulipa, hawa bamama ao mimi?”

“Ni wewe, shefu. Lakini kwenye mufuko uliandika jina yao, hapana yako.”

Sijui sauti ile niliitoa wapi.

Maneno yale yameenea mjini, na sasa anataka Jumamosi niende redioni kusema kwamba nilikosea, la sivyo nitafute kazi pengine. Ninaogopa, Mama. Kila pikipiki ikisimama nje nadhani ni yeye. Ninajua pia Muhindo hajamaliza shule na kwamba mnanitegemea. Lakini redioni siendi. Achukue meza na kiti, ni vyake. Ulimi wangu hakuununua.

Ninakuomba jambo moja. Huko sokoni watu waliununua unga huu kwa neno lako. Usingoje waje kugundua wenyewe kwenye vikombe vya watoto wao. Tangulia wewe, uwaambie unga umebadilika. Wakiuliza nani amesema, usinifiche. Taja jina langu.

Nisalimie baba mdogo, yule fundi wa pikipiki, na nyanya, na mdogo wangu Muhindo, ashike masomo. Mwambie shangazi wa kwaya anitie kwenye maombi yake Jumamosi asubuhi, saa watakayoningoja bure redioni.

Mungu awafunike nyote.

Ni mimi, mwanao,
Kavira