Kocha Aliyejua Marahaba Tu

Mama, shikamoo! Naandika nikiwa nimevaa soksi za mpira mikononi. Baridi ya Marangu si mchezo.

Leo kocha wetu, yule Mserbia aliyesakata kandanda kwao mpaka goti likamkataa, katuaibisha. Bibi yake golikipa wetu alitualika kunywa mtori, supu yao ya ndizi. Kocha akatangulia, akamwinamia bibi, akasema kwa sauti: "Marahaba!" Kila asubuhi sisi humwamkia, basi neno analolijua ni hilo tu.

Bibi akashika kiuno: "We mzungu, nimekuamkia saa ngapi? Kwenu huna mama wa kukufundisha?"

Tukamtafsiria huku tumebana vicheko. Kocha akasema mama anaye, ila tangu vita vya kwao hajamwona. Bibi akamjazia bakuli la pili, akamfundisha shikamoo mpaka ikamkaa mdomoni.

Sasa kaketi kando yangu. Kaniomba kadi moja yenye picha ya mlima, kaandika anwani ya mama yake, na chini neno moja tu: Shikamoo.

Mama yule hatajua kuitikia. Mwitikie wewe.

Mwanao,
Hamisi