Mabati Yangu Yanaonekana Toka Juu

Kasongo, nyuma ya soko

Kwako mudogo wangu Asumani, mutoto wa mama yangu,

Salamu iingie mbele yangu kama mugeni mwenye adabu, ikae, ndipo mimi niseme. Uko muzima? Ule mugongo unaokusumbua wakati wa kulima unaendelea namna gani? Muke wako na wajukuu wanakula? Muhogo umetoka vizuri? Mimi niko muzima. Meno yamebaki machache, lakini nyama bado inaniogopa.

Barua hii naandika mwenyewe, kwa mukono wangu. Vijana wa hapa walitaka kunisaidia, nikakataa. Mutu aliyeua nyati kwa mukuki hawezi kushindwa na kalamu. Pale kwako pori rezo ya telefone haifiki, na hata ingefika, haya si maneno ya kupigia kelele kwenye telefone. Namupa muuza chumvi, yule anayesukuma baiskeli mpaka Wamaza.

Unajua niko sentineli kwenye biro, ile ofisi ya vijana wa ramani. Usifikiri nalinda mulango tu. Wanatengeneza ramani ya Kasongo na Kabambare yote, na haiko ya karatasi. Iko ndani ya mashini, na mutu wa popote mwenye telefone anaifungua. Unaweka kidole, unavuta, nchi inakusogelea. Unagusa alama, kadirisha kanafunguka na jina lake: huu ni muto fulani, hii ni zahanati. Watu wa chanjo wanaifuata mpaka kwa watoto. Mukubwa wao ni binti mumoja, namuita Injenia. Anasema vyombo wanavyotumia haviuzwi. Kila mutu duniani ana ruhusa ya kuvichukua, kuongeza, kusahihisha. Wanapanga nchi kama mama anavyopanga mikeka: mukeka wa mito chini, wa njia juu yake, wa nyumba juu kabisa. Na majina ya mito, Asumani, nani aliyatoa? Ni mimi. Muto wetu walikuwa wameuita jina la kilima. Nikawakemea. Leo ukiugusa, ni kinywa changu kinajibu.

Basi siku moja Injenia akaniita. "Papa, kuja utafute kwenu."

Nikavuta kwa kidole. Wamaza, kisha njia, kisha pori, pori, pori. Katikati ya pori kitu cheupe kinang'aa, na mutu amekizungushia mustari: nyumba. Nyumba ile tu, hakuna nyingine. Nikacheka kwa furaha. Nilimuambia, "Hayo ni mabati yangu. Mimi ndiye nilimununulia mudogo wangu."

Unakumbuka ulivyoyakataa. Ulisema nyumba ya pori, pale munapokimbilia wote, watu wenye silaha wakipita kijijini, ifunikwe na majani kama zamani. Nikakujibu mudogo wa Ramazani hatalala chini ya majani kama panya.

Nikamuuliza Injenia, "Nani alifika kule kuleta habari?"

"Hakuna mutu alifika, Papa. Satelite inapiga picha toka juu. Mutu amekaa kwao, labda Ulaya, labda Kinshasa, anaona paa, anachora. Anataka kusaidia."

"Na hajui ni kwa nani?"

"Hajui. Anaona paa tu."

Nilifurahi mpaka siku walipokuja watu wawili.

Ilikuwa saa ya kula, niko peke yangu mulangoni. Walikuja na pikipiki, na viatu virefu vya mupira. Walisema wananunua dahabu. Mumoja akatoa telefone, ramani yetu iko ndani, akaweka kidole juu ya paa lako.

"Muzee, wewe ni mutu wa upande huu?"

"Mimi ni mutu wa kila upande."

"Hii nyumba peke yake pori, ni ya nani?"

"Ilikuwa depo ya kuwekea pamba, ya Wazungu wa zamani. Imeanguka. Kuna nyoka tu."

Akanitazama. "Depo ya Wazungu, na bati bado linang'aa? Ulijua kudanganya, muzee. Sasa umezeeka."

Mwenzake akacheka. Kisha akauliza kitu ambacho mununuzi wa dahabu haulizi: watu wa pale wanachota maji wapi, na wanapita njia gani asubuhi. Dahabu hawakuitaja tena. Nilijifanya kiziwi. Walinunua mafuta ya pikipiki kule mbele, wakauliza barabara ya Kabambare.

Nilimuambia Injenia habari yao, afute nyumba yako. Uso wake ukabadilika, akafuta palepale. "Kwetu imetoka, Papa. Lakini kitu tulichofungulia wote, wengine walikwisha kukichukua. Hata telefone yao imekitunza."

"Basi mudogo wangu atashusha mabati."

"Hata akishusha leo, ile picha ni ya zamani. Bati litaendelea kung'aa mule ndani mpaka ipigwe nyingine. Sijui lini."

Ni hivyo, mudogo wangu. Unaweza kubomoa nyumba, na machoni pa watu bado imesimama.

Sisemi nilikosa. Mabati ni mazuri, na mvua haijakupiga. Lakini usishushe hata moja. Yaache yang'ae. Wakifuata mwangaza, waufuate mpaka mulangoni, wakute jivu la baridi. Toa watu wote. Beba mbegu na sufuria. Pitieni ndani ya maji, musikanyage njia mupya. Mukifika, musiezeke kitu, na moto uwashwe tu wakati ukungu umekaa juu ya miti.

Salimia shemeji yangu, mama wa watoto wako, aniwie radhi kwa shamba analoliacha. Salimia dada yetu mukubwa Zaina. Kwa kuwa haoni, abebwe mugongoni hata akitukana. Salimia mwalimu wa wajukuu. Injenia naye anakusalimu. Tangu siku ile anatafuta nyumba zinazokaa peke yake pori, anazifuta mojamoja, na asubuhi anakuta watu wa mbali wamechora nyingine.

Mahali pa kwenda unapajua. Ni pale mama alipokuzaa wakati wa vita ya zamani, mimi nikiziba mudomo wako usilie. Toka juu ni miti mitupu, nimepatafuta, hapaonekani. Majina yote ya nchi yetu niliwapa hawa vijana. Hilo sikuwapa, na hapa siliandiki.

Muuza chumvi hajui nimeandika nini. Mupe maji anywe, lakini musimungoje amalize.

Mimi kaka yako,
Ramazani