Gome la Baba

Filadelfia, 3 Septemba 1908

Dada Verona,

Hujambo wewe? Na Baba, bado anakohoa vumbi la makaa? Mimi mzima kama ng'ombe wa padri. Kaa chini kwanza. Umekaa? Nimeingia timu kubwa ya besiboli! Ndiyo, mimi Matus, niliyefukuzwa shule kwa kumlenga mwalimu kwa tofaa akiwa ng'ambo ya uwanja. Nikampata!

Jumamosi ya tarehe 12 narusha mpira mbele ya watu elfu kumi. Kocha wetu, Bwana Keegan, kasema, "Kijana, mechi moja. Ukishinda, unabaki. Ukishindwa, makaa hayajaisha huko kwenu." Mzee ana mdomo huyo!

Silaha yangu unaijua: naupaka mpira mate, ukimfikia mpigaji unadondoka kama mlevi ngazini. Ila mate matupu hayatoshi. Nitumie gome la ule mti wa nyuma ya banda la nguruwe, lile ukilitafuna mdomo unajaa ute. Upesi!

Mdogo wako, bingwa mtarajiwa,
Matus

Nyumbani, 8 Septemba 1908

Mdogo wangu Matus,

Tumepokea salamu. Baba anakohoa lakini anabisha, kwa hiyo hajambo. Nilipomsomea barua yako alipiga meza. "Miaka ishirini nachimba, leo mwanangu anaishi kwa kutema mate! Tena mbele ya watu!" Akasema nafasi yako mgodini ipo, akatoka.

Nikadhani kaenda kunywa. Kumbe kabeba kisu! Karudi na gome, anasema kalikata vipande vilivyo sawa, tayari kalifunga kwenye leso yake ya kanisani. "Mpelekee huyo mtema mate wako." Sijaifungua leso, nakutumia kama ilivyo.

Shinda, Matus. Sitaki kukufulia nguo nyeusi za makaa tena.

Dada yako,
Verona

Nyumbani, 30 Septemba 1908

Matus, u mzima kweli? Wiki tatu kimya! Baba kawatangazia wachimbaji wote kwamba gome ni lake. Kila akitoka kazini, kabla ya kunawa, anauliza posta.

Dada yako

Filadelfia, 11 Oktoba 1908

Dada,

Nisamehe. Mwili mzima, moyo ndio ulikuwa umelala.

Leso niliifungua benchini, siku yenyewe ya mechi. Gome la mwerebi wa mtoni, si lile nililoomba! Lile unalomchemshia Baba akipata homa. Kwake yeye gome ni hilo tu. Nikalitafuna. Baba kalikata kwa mkono wake, ningefanyaje? Dada, uchungu wake! Mdomo ukakauka kama jivu. Dolan, mdakaji wangu, akanijia mbio.

"Unalia, we mtoto?"

"Nakula dawa."

"Basi tema tuendelee!"

"Nitatema nini, sina hata tone!"

Nikarusha mpira mkavu, kama tulivyokuwa tukirushia mawe mabehewa ya makaa. Raundi sita hawakupata kitu. Ya saba wakanishika, mbili kwa moja. Timu kubwa yangu ikaishia hapo, alasiri moja.

Lakini sikiliza! Keegan akanifuata mlangoni: "Mkavu wako unashinda mate yako, mpumbavu wewe." Akanipeleka timu ndogo ya Mill Hollow, saa mbili kwa treni kutoka hapo nyumbani. Naanza Mei mosi. Mgodi umenikosa!

Baba mwambie gome lilikuwa tamu.

Mdogo wako, bingwa wa alasiri,
Matus

Nyumbani, 28 Aprili 1909

Mdogo wangu,

Sote wazima, isipokuwa ule mti.

Siri yako niliitunza majira yote ya baridi. Juzi namchemshia Baba dawa yake ya homa, kicheko kikanitoka. Akanibana nikamwambia habari ya gome lake. Alichukua kipande sufuriani, akakitafuna taratibu, uso ukajikunja kama soksi. "Raundi saba," akasema, "na hii mdomoni?" Akacheka mpaka akakohoa.

Leo asubuhi kaenda nyuma ya banda la nguruwe. Mti uko uchi mpaka kiunoni. Jumamosi anapanda treni, gunia la gome begani, na anasema anakaa mbele kabisa.

Usithubutu kumwambia kwamba siku hizi unarusha mkavu. Tafuna, Matus, uteme mbele ya watu wote.

Dada yako,
Verona