Plasta za Mwezi wa Saba

Majengo,
S.L.P. 41,
Mpanda, Rukwa.
20 Oktoba 1996.

Mpendwa mwanangu Cletus,

Amani ya Kristo iwe nawe huko China uliko. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima wa mwili na imara katika sala, na kwamba chakula chao umekwisha kukizoea. Sisi hapa tu wazima kwa rehema za Mungu, isipokuwa kifua cha Mama yako Mkubwa, ambacho nitakieleza hapa chini.

Mvua hazijaanza. Joto ni kali mno, mabati hulia mchana kutwa, na watu wanaoshuka kutoka Mwese wanasema visima vyao vimebaki tope. Tunaendelea kuomba.

Barua yako niliipokea kwa mkono wa Antoni, mwenzako wa masomo, aliyefika kwa treni kutoka Tabora akiwa salama pamoja na mzigo wako. Nimechelewa kujibu, nawe unastahili kujua sababu. Uliniomba mimi, niliyebaki mahali pa marehemu baba yako, nikupe ruhusa ya kubaki huko miaka miwili zaidi kwa yule mzee anayekufundisha dawa zao za mitishamba. Barua hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Umemtaja mzee huyo katika kila ukurasa: hekima yake, mikono yake, hata namna anavyoyanusa majani kabla ya kuyapima.

Sitaficha, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeona wivu. Katika ukatekista wangu wote niliwaonya watu juu ya wivu wa Kaini, nami nilidhani ni ugonjwa wa vijana na wa watu wenye mashamba. Sikujua kwamba unaweza kumpata mzee aliyeketi barazani kwake na miwani usoni, anasoma barua.

Unaeleza jinsi anavyougawa mwili kwa majira ya mwaka: ini ni la wakati wa kuchipua, moyo ni wa kiangazi, mapafu ni ya wakati wa majani kupukutika, figo ni za baridi, na kwamba mapafu yakikauka huwapikia wagonjwa peasi. Unaandika kana kwamba hujapata kusikia jambo la namna hiyo maishani mwako. Mwanangu, ni nani aliyekupeleka milimani Mwese kukuonyesha kwamba mzizi huchimbwa wakati majani yako chini, na jani huchumwa baada ya mvua za kwanza? Mto ulipojaa nilikuvusha mgongoni. Yeye amekuvusha wapi?

Tena umemwita "baba yangu wa huku". Neno hilo nimelimeza, lakini bado halijashuka.

Sasa nije kwenye plasta ulizomtumia Mama yako Mkubwa. Ulieleza vizuri kwamba ugonjwa wa wakati wa baridi hutibiwa wakati wa joto, ukiwa bado umelala; kwamba ndani yake mna mbegu ya haradali na tangawizi; na kwamba zibandikwe mgongoni mwezi wa saba, jua likiwa kali kuliko siku zote. Juu ya haradali sikuwa na ubishi. Bwana mwenyewe aliitolea mfano.

Mwezi wa saba ukafika, nawe unaujua mwezi wa saba wa Mpanda. Mama yako Mkubwa Dafrosa alikuwa amejifunika blanketi, anakohoa, mikono ameikunjua juu ya jiko la mkaa. Akaniuliza, "Baba Upendo, mtoto kasema jua kali. Jua lenyewe liko wapi?" Nikamjibu kwamba imeandikwa mwezi wa saba, na lililoandikwa halitanguki. Nikazibandika. Mama yako mdogo Esteria alipoingia na kuuona mgongo huo, alicheka hadi akashika mlango.

"Dada, wamekuziba pancha! Shemeji, upepo umeshampulizia?"

"Nyamaza wewe," Dafrosa akamwambia. "Mgongo huu sasa umesoma China. Wako haujafika hata Tabora."

Hazikumsaidia. Ngozi iliwasha, ikatoa malengelenge, na kikohozi kikaendelea hadi kipupwe kilipokwisha chenyewe. Nikamrudishia dawa yetu ya mizizi, na nilipokuwa nikiichemsha nilisikia furaha moyoni, furaha ambayo baadaye ilinibidi niende kuiungama kwa Padre.

Ndipo nikaelewa. Mwezi wa saba ni joto la huko kwao. Kwetu ni baridi tupu. Mimi nilikosea kwa kushika herufi na kuacha maana, kosa ambalo mtu wa dini hapaswi kulifanya. Lakini lililoniumiza ni lako. Wewe uliyezaliwa hapa, uliyekuwa ukigombania nafasi karibu na moto mwezi huohuo, ulishika kalamu ukaandika "mwezi wa saba, jua likiwa kali". Mzee huyo amekubadilishia hata miezi! Siku hiyo niliamua kukunyima ruhusa na kukuagiza urudi kabla ya Noeli.

Aliyenizuia ni Mama yako Mkubwa. Plasta zilizobaki alikuwa amezificha katika sanduku la vitenge. Juma lililopita, joto hili lilipofika kileleni, alinigeuzia mgongo akasema, "Sasa bandika. Kama umenuna, bandika ukiwa umenuna." Nikabandika, nami nimenuna. Kama zimefaa, tutajua kipupwe kijacho. Dawa hiyo inadai subira, na kwa hilo naisifu, ingawa sipendi sifa hiyo imfikie mzee wako.

Nilipokuwa nikiibandika ya mwisho, akaongeza, "Ukimnyima mtoto ruhusa, utarudishiwa mwili, roho itabaki China. Utakuwa umemshinda nani?"

Basi uamuzi wangu ni huu. Miaka miwili sikupi. Nakupa mmoja, uyapitie majira yake yote manne, usiruke hata moja, kisha uje. Unajua mzizi wa dawa ya ukoo wetu haurithishwi kwa maelezo. Mrithi huuchimba mwenyewe, mkono wa mzee ukiwa juu ya mkono wake. Masalu wa Kasansa, mume wa dada yako Upendo, ameniomba nimfundishe. Ni kijana mwenye adabu, naye huniita Baba bila kuongeza neno. Nimemwambia asubiri. Magoti yangu yanaweza kuupanda mlima wa Mwese mara moja tena. Mara mbili sidhani.

Njoo mwezi wa tisa, majani yakiwa chini. Nami nakuomba jambo moja: ukishuka kwenye treni, siku ya kwanza usinisimulie habari zake. Siku ya pili nitakuuliza mwenyewe.

Mama yako Mkubwa anakusalimu na anataka plasta nyingine. Esteria anakusalimu, pia Upendo na Masalu. Mwalimu wako naye msalimie, kwa kifupi.

Mungu aliyeyapanga majira akulinde katika yote, na akurudishe kwetu kwa wakati wake.

Ni mimi nikupendaye bila kupungua,
Baba yako Mkubwa,
Sylvanus Leonidas