Mémoire Imejaa: Tushukuru ao Tuuze Mutamba?

Mama Emérita mushauri wetu, amani ya Bwana ikae katika nyumba yako. Mimi niko mama wa Kirolirwe, tunafuga ng'ombe na kulima kidogo, shule niliishia ya sita primaire, kwa hiyo nikiandika vibaya unisamehe, lakini radio yako naisikilizaka kila wakati wa kukamua, na sasa neno limenifikia mimi mwenyewe, naomba unisaidie kulifungua, juu nikimwambia muntu wa hapa kwetu atacheka kwanza na kunishauri nyuma, na mimi nataka anishauri kwanza.

Binti yangu Muhawenimana, tunamuita Muhawe, anasoma santé publique, mambo ya afya ya watu, licence amekwisha maliza na sasa iko katika master, mwaka wa mwisho, wenye wanaandika ile kazi kubwa inaitwa mémoire. Neno hilo tunalijua hapa, hata mwenye hakukaa darasani analijua, juu kila mwaka tunasikia mutoto wa fulani amekwama kwa mémoire, mutoto wa fulani amepita, ametoa mémoire. Kwa ajili ya yake Muhawe alishuka Walikale, akakaa Mubi kwenye barabara ya msitu, na kutoka pale anaenda mpaka Omate kwenye wanachimba madini, anaongea na wamama wenye walizaa kule, namna gani walifika kwa mukunga ao hawakufika. Wanamruhusu, naye anachukua sauti zao ndani ya tablette.

Hiyo tablette sasa. Alianza nayo tangu licence. Kioo kimepasuka kwa kona, ukiigusa inafikiri kwanza mbele ya kujibu, na kuichaji lazima ufunge kamba ya chargeur na élastique, kamupira ka kufungia, kusudi isichomoke. Kaka yake Jado anaiita muzee wa kanisa, juu inasimama polepole.

Basi siku moja Muhawe akapiga simu kutoka Mubi, réseau inakuja na kwenda, akasema, "Mama, uniombee, mémoire imejaa." Nikamuuliza, "Imejaa kabisa?" Akasema, "Kabisa kabisa, hata dakika moja haiingii tena!" Simu ikakatika.

Mama Emérita, wewe ungesikia nini? Mimi nilisikia mutoto amemaliza. Nilipiga magoti pale pale kati ya ng'ombe, na hata lile neno "uniombee" nililisikia sawa vile anasema "tushukuru". Siku ya Bwana nikabeba fromage yangu, jibini ya maziwa yetu, ile nzuri yenye nilikuwa naiweka, nikaitoa shukrani, Pasteur Evode akaniita mbele, nikasema mémoire ya mutoto wangu imejaa, hata dakika moja haiingii tena, kanisa likapiga makofi, chorale ikaimba, na Pasteur akasema yeye katika maisha yake amesikia mémoire nyingi lakini yenye kujaa namna ile hajasikia.

Sasa bwana yangu, Papa Théogène, alikuwa amemshikilia mutamba mwekundu, ng'ombe jike yenye haijazaa bado, alisema hatamgusa mpaka tujue masomo ya Muhawe hayataomba tena kitu. Aliposikia ile shukrani akasema, "Basi mutamba amepata ruhusa." Akaenda kwa Papa Karekezi, baba ya Alliance, muchumba wa Jado, akamwahidi huyo mutamba kwa mahari, wakakunywa, wakapeana mikono. Jado tangu siku ile anamusugua mutamba sawa vile iko bibi harusi mwenyewe.

Kisha Muhawe akarudi. Kwa njia wamama wa chorale wakamuona, wakaanza vigelegele, "Docteur! Docteur wa Kirolirwe!" Akaingia kwangu, mufuko ungali mgongoni.

"Mama, wale wanashangilia nini?"

"Mémoire yako, mutoto wangu. Si ilijaa?"

"Ilijaa ndiyo, lakini..." Akaniangalia. "Mama, ulifikiri mémoire gani?"

Nikasema, "Kwani iko ngapi?"

Alicheka mpaka akakaa juu ya bidon ya maziwa. Njo akanieleza kwamba machine nayo iko na mémoire yake, ni nafasi ya ndani ya kuweka vitu, na hiyo njo ilijaa, sauti za wamama zimeijaza, na ile ya masomo, Mama Emérita, ile yenye tuliimbia, iko na kichwa cha habari tu. Nikacheka na mimi. Halafu Papa yake akaingia akamwambia, "Umefanya vizuri, mutamba wa kaka yako ametoka juu yako." Mimi nikaanza kutafuta kitu cha kufanya na mikono.

Tangu pale nyumba haina amani. Muhawe alisema kwamba pale Mubi kuko muuzaji wa masimu, anaitwa Sébastien, alimwambia hiyo muzee uniachie, uongeze kidogo, nikupe mupya. Na mupya wake, alisema, unaigusa tu, imekwisha jibu. Papa Théogène aliposikia akasema mutamba aende sokoni, mutoto wa master hawezi kuandika na kitu cha kufungwa élastique. Mimi nikamuuliza, na Papa Karekezi je? Akaanza kutembea pale nje. "Nitaenda kumwambia nini? Kwamba bibi yangu alishukuru Mungu juu ya machine?" Jado yeye akasema, "Sawa, dada yangu aolewe na tablette, na mimi mahari nimekwisha toa." Akatoka, na jioni hakukula na sisi. Muhawe akamfuata mpaka kwa mulango akiita, "Jado, mimi sikuomba ng'ombe yako!" Hakugeuka.

Nisikuficheke, hata mimi mwenyewe nataka kujua hicho kitu. Niliomba Muhawe anipe tablette mukononi, nikaiinua, nilitegemea iwe nzito, juu kama imejaa sauti za wamama wote wale, mbona iko mwepesi sawa vile ilikuwa? Akanisikilizisha sauti ya mama mumoja, alishikwa na uchungu katikati ya msitu, rafiki yake akamushika mabega, mutoto akazaliwa kwa njia, akalia, yuko muzima. Na kwa mwisho yule mama anasema, "Dada, neno langu ulifikishe kwenye mimi sifikake." Nikauliza Muhawe kama hawezi kufuta hii aliyokwisha sikiliza kusudi ingine iingie. Akasema, "Hapana, Mama. Huyu amehama na wenzake, sijui wako wapi. Nikimufuta, nitamupata wapi tena?"

Sasa njo nakuuliza, mushauri wangu. Tuuze mutamba tununue tablette mupya, tuvunje neno letu kwa bokilo, mukwe wetu Karekezi, ao tumwachie mutoto ile ya zamani na tumuone anakwama mwaka wa mwisho? Hiyo mémoire ya ndani, muntu anaweza kuiongeza, sawa vile unaongeza chumba kwa nyumba? Na ile shukrani yangu, je, nilimdanganya Mungu mbele ya kanisa? Unijibu, juu Papa Karekezi anatungoja tumfikishie mutamba, na Muhawe anangoja kurudi shule.

Ni mimi, Kayitesi, Mama Jado, Kirolirwe.

*

Mama Jado, barua yako nimeisoma nikacheka, nisamehe, na nikaisoma tena bila kucheka. Nakujibu.

Kwanza Mungu, juu njo jambo jepesi. Hukumdanganya. Ulisikia vibaya, ukashukuru vizuri. Lakini Pasteur na kanisa wanakudai neno la kweli. Siku ya Bwana simama, waambie mémoire iliyojaa ilikuwa ya machine, ya masomo iko inaanza, waiombee. Mutoto wako aliomba maombi tangu siku ile ya simu, bado hajayapata. Watacheka. Cheka nao. Itakuwa vibaya zaidi kama Muhawe atapita njiani anaitwa Docteur na kila mara anainamisha kichwa.

Sasa tablette. Mama, kujaa si kuzeeka. Zizi likijaa, huliiti bovu. Unaniuliza kama nafasi inaweza kuongezwa: ndiyo. Tablette nyingi ziko na kitundu kidogo kwa ubavu, kinaingiza carte mémoire, kitu kidogo kama ukucha. Muhawe aangalie. Kama yake haina, atapeleka sauti zile ndani ya ordinateur, ile kompyuta ya faculté yao. Na hata kama ina, azipeleke vilevile, sauti zikae pahali pawili, si pamoja. Kisha asikilize kila moja kule zilikowekwa, mpaka mwisho wake, mbele ya kufuta hata moja kwenye tablette. Hii kazi ianze mbele ya kitu kingine chochote, juu élastique ikikatika siku moja na ile muzee ikakataa kuamka, hakuna mutamba wa Kirolirwe yote atamurudisha yule mama wa msituni.

Na kwa nini haiongezeki uzito? Fikiri vikapu viwili vyenye ulisuka na majani yale yale, kimoja umekitia maua ya kusuka, kingine hapana. Uzito ni moja. Ulichobadilisha ni namna majani yamepangwa. Na sauti ndani ya machine iko vile, inapanga, haiongezi. Ulifanya vizuri kuuliza. Muhawe ataweza kukuonyesha zaidi kuliko mimi, muulize yeye.

Huyo Sébastien wa Mubi, simjui, pengine ni muntu mwema. Lakini tablette ya zamani asipewe. Wale wamama walimpa sauti zao Muhawe, hawakumpa Sébastien. Na hata vitu ukivifuta, kuna wenye wanajua kuvirudisha. Unataka neno la uchungu la mama mwenzako lisikilizwe sokoni na wenye kuchaji simu? Hata siku mutakayonunua mupya, ile muzee ibaki ndani ya nyumba yenu.

Hapo njo nafika kwa mutamba, na hapa nitakukaripia kidogo, wewe pamoja na Papa Théogène. Nyinyi mulimwahidi Karekezi ng'ombe juu ya neno moja la simu yenye réseau mbovu. Hakuna mwenye alingoja mutoto afike, akae, akunywe maziwa, aulizwe. Na sasa munataka kumunyang'anya Karekezi ile ng'ombe juu ya neno la muuza simu, na mara hii tena hamujamuuliza mutoto! Nimetafuta katika barua yako pahali Muhawe anaomba tablette mupya, sikupata. Alisema mémoire imejaa. Alisema hawezi kumfuta yule mama. Alisema, "Sikuomba ng'ombe yako." Habari ya Sébastien aliwasimulia tu, sawa vile muntu anarudi safari anasimulia, na nyinyi mumekwisha fungua zizi. Mutoto yuko pale nyumbani, Mama, na wewe unaniandikia mimi.

Shauri langu njo hili. Mutamba aende kwa Karekezi, na Jado njo amupeleke, pamoja na baba yake. Mumwite Jado akule na nyinyi leo. Usifikiri nasema harusi ya kijana inapita masomo ya binti. Kama Muhawe angekuambia, "Mama, bila machine ingine siwezi kuandika," ningesema Papa Théogène avae koti yake, aende yeye mwenyewe kwa Karekezi aombe muda, na asitume muntu. Karekezi naye analea binti, angesikia. Lakini kuomba muda kunahitaji sababu ya kweli, na nyinyi sababu bado hamuna.

Tablette ya zamani imalize kazi yake ya sauti. Kuandika, Muhawe aandike kwa ordinateur ya faculté, juu mémoire nzima haiandikwake na kidole juu ya kioo kilichopasuka, hata kioo kipya vidole vitachoka. Mwalimu mwenye anamsimamia aambiwe hali ilivyo, amtafutie saa za kuingia pale. Ile muzee ikikataa kuchaji kabisa, ao ikikataa kufungua kazi yake, hapo mutanunua, na pesa itatoka kwa ng'ombe yenye haijaahidiwa ao kwa fromage, na Muhawe mwenyewe njo achague, si baba, si Sébastien, si mimi wa radio. Na pengine atachagua ordinateur iliyokwisha tumika, wala si tablette. Mumwachie.

Basi ukimaliza kusikiliza jibu hili, zima radio, uende ukae karibu na binti yako umuulize, "Muhawe, unahitaji nini?" Halafu, Mama Jado, unyamaze mpaka amalize.